Kabla Hujabadili Mafuta ya Injini ya Boti Yako, Soma Historia Hii



Kuna swali linanifuata kila mwalo ninaopita. Anauliza mvuvi, anauliza mwenye boti ya kubeba mahindi na abiria, anauliza hata mama anayeuza mafuta kwa madumu pale ufukweni: "Bwana shamba, petroli imetushinda. Hii mashine haiwezi kutumia mafuta mengine?" Wengine wameshaambiwa na fundi kwamba kazi yenyewe ni ya nusu siku. Unatoa hiki, unaweka kile, unatia mafuta ya taa, safari.

Fundi hasemi uongo. Jambo hili linawezekana, na watu wamelifanya kwa zaidi ya miaka mia moja. Ndiyo maana leo sianzi na spana, naanza na historia. Wako wenzetu waliopita njia hii kabla yetu, na ukifuatilia yaliyowapata utaona jambo moja linajirudia: kubadili injini ni nusu iliyo rahisi. Nusu ngumu ni mafuta yenyewe. Nani anayashika? Nani anapanga bei? Na nani mwingine anayataka?

Nisome taratibu, kisha mwisho nitakupa hesabu ya kufanya kabla hujamwita fundi.

Injini za zamani hazikuchagua mafuta

Mafuta mbadala si habari mpya. Mwaka 1890 Mwingereza aitwaye Herbert Akroyd Stuart alipata hataza ya injini yenye kibuyu cha chuma kichwani. Kampuni ya Hornsby ya mji wa Grantham ikaanza kuziunda muda mfupi baadaye. Injini hiyo haikuwa na plagi wala kabureta. Ulikipasha kile kibuyu moto kwa nje mpaka kiive, kisha ukazungusha gurudumu. Mafuta yakiingia ndani yanakutana na chuma cha moto na kuwaka. Ikishaanza kazi, joto lake lenyewe linatosha kukiweka kibuyu katika hali ile ile.

Wavuvi wa Sweden, Denmark na Norway walizipenda sana injini za aina hii mwanzoni mwa karne iliyopita. Kampuni ya Bolinder ya Sweden ilipata jina kubwa kwa kuziunda. Zilikunywa mafuta ya taa, mafuta mazito, na mengine ambayo injini ya petroli isingeyagusa.

Lakini uvumilivu huo ulikuwa na bei yake. Injini ilikuwa nzito kama mawe ya kusagia, na nguvu yake ilikuwa ndogo ukilinganisha na uzito. Kabla ya kung'oa nanga ilibidi uwashe moto ndani ya chombo cha mbao na kusubiri. Chombo kikubwa kiliweza kuibeba, lakini mtumbwi haukuweza.

Karanga za Afrika kwenye maonyesho ya Paris

Mjerumani Rudolf Diesel alikamilisha injini yake ya kwanza iliyofanya kazi vizuri mwaka 1897. Miaka mitatu baadaye, kwenye Maonyesho ya Dunia ya Paris ya mwaka 1900, injini moja ndogo ya aina yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Diesel mwenyewe alieleza mwaka 1912 kwamba injini ile ilifanya kazi vizuri hata watu wachache tu waligundua kuwa haikutumia mafuta ya kawaida. Wazo lilitoka serikali ya Ufaransa. Ilikuwa inafikiria makoloni yake ya Afrika: karanga zinalimwa kwa wingi, basi injini za huko ziendeshwe kwa karanga, bila kuagiza makaa wala mafuta kutoka mbali.

Wewe mkulima wa karanga, jiulize kwa nini haikuwa hivyo. Injini haikukataa. Kilichotokea ni kwamba karanga zilikuwa na mnunuzi mwingine. Zilipakiwa melini kwenda Ulaya kukamuliwa mafuta ya kula na ya kutengenezea sabuni. Wakati huo huo mafuta ya ardhini yalipatikana kwa wingi na kwa bei ndogo, na viwanda vikaendelea kurekebisha pampu na nozeli za injini zifae mafuta mepesi ya dizeli. Baada ya miaka michache injini ya dizeli ilikuwa imezoea chakula kimoja.

Shika jambo hili la kwanza: kitu kinachofaa kwenye sufuria au sabuni hakitakaa kwenye tangi la injini muda mrefu, isipokuwa bei ya tangi iwe nzuri kuliko ya sufuria.

Tulipopata wepesi

Mashine tunazozijua sisi, za kupachika nyuma ya boti, zilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1909 Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyekuwa akiishi Milwaukee nchini Marekani, alianza kuuza mashine ya kupachika yenye nguvu za farasi moja na nusu. Ilikuwa na uzito wa takribani kilo 28. Hakuwa wa kwanza duniani kubuni mashine ya kupachika, lakini yake ndiyo iliyoingia sokoni kwa nguvu, na wengi wakafuata.

Wepesi huo ulileta faida kubwa. Mtu mmoja anaibeba begani, anaifunga, anaondoka, jioni anairudisha nyumbani isiibiwe. Lakini ili iwe nyepesi, ilibidi iwe ya petroli, yenye plagi na kabureta, na nyingi zikawa za kuchanganya oili ndani ya petroli. Mashine nyepesi ikawa mashine yenye kuchagua. Tangu siku hiyo, kila mvuvi mdogo duniani ambaye petroli imempanda bei amejiuliza swali lile lile unalojiuliza wewe.

Kerala: pwani nzima ilipohamia mafuta ya taa

Ng'ambo ya bahari yetu, kusini-magharibi mwa India, iko pwani ya Malabari ambayo majahazi ya Waswahili na Waarabu yaliifahamu tangu zamani kwa pepo za kaskazi na kusi. Leo ni jimbo la Kerala. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ulianza huko mradi wa pamoja wa India na Norway, eneo la Neendakara, ambao ulileta boti za injini. Wavuvi wa mitumbwi, hata hivyo, waliendelea na makasia na tanga kwa miaka mingi. Ni katika miaka ya 1980 ndipo mashine za kupachika zilipoenea kwao kwa kasi.

Mashine nyingi kati ya hizo hazikutumia petroli. Zilitumia mafuta ya taa. Sababu ni rahisi: nchini India mafuta ya taa yalikuwa ya kupikia na ya taa za watu wa kipato cha chini, na serikali iliyatolea ruzuku. Mvuvi aliyesajiliwa alipewa kibali cha kununua kiasi fulani kwa bei nafuu.

Hapa nikueleze jinsi mashine hiyo inavyofanya kazi, kwa sababu ndiyo ambayo fundi wako anataka kuiga. Mafuta ya taa hayageuki mvuke kwa urahisi kama petroli, kwa hiyo mashine ya baridi haiwaki nayo. Unawasha kwa petroli kutoka tangi dogo, unaacha ipate joto, kisha unageuza koki kwenda tangi la mafuta ya taa. Unapokaribia kufika unarudisha kwenye petroli dakika chache kabla ya kuzima, ili kabureta ibaki na petroli kwa ajili ya kuwasha tena. Ukisahau, kesho utavuta kamba mpaka mkono ukufe ganzi.

Jambo la pili ni mgandamizo. Mafuta ya taa yakibanwa sana ndani ya silinda yanalipuka kabla ya wakati wake. Utaisikia mashine ikigonga kama nyundo ndani ya chungu. Ikiendelea hivyo, pistoni inatoboka au inaungua. Viwanda vinavyotengeneza mashine za mafuta ya taa huzipunguzia mgandamizo tangu mwanzo. Fundi wa mtaani anapobadili mashine ya petroli, mara nyingi hunenepesha gasketi ya kichwa ili kupata matokeo kama hayo. Mgandamizo ukipungua, nguvu nayo inapungua, na plagi zinachafuka upesi.

Kerala walijifunza yote haya, na mashine zao zilifanya kazi. Tatizo lilitoka upande mwingine. Serikali kuu ya India iliona ruzuku ya mafuta ya taa ni mzigo, na watu wengi majumbani walikuwa wamehamia umeme na gesi ya kupikia. Kuanzia mwaka 2016 bei ilipandishwa kidogo kidogo, na ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 2020 ruzuku ilikuwa imekwisha. Mgao wa majimbo nao ukapunguzwa. Mvuvi akabaki na mashine iliyochaguliwa kwa sababu ya bei ambayo haipo tena. Sasa wanazungumzia kurudi kwenye petroli, kwenda dizeli, au kujaribu gesi ya mitungi. Kila njia inadai mtaji mpya.

Mashine yao haikubadilika. Kilichobadilika ni uamuzi uliofanywa mbali na ufukwe, na mvuvi hakuulizwa.

Kwetu nako hadithi hiyo imepita

Kama wewe ni mfanyabiashara wa mafuta wa siku nyingi, utakumbuka neno "uchakachuaji". Mafuta ya taa yalikuwa na ushuru mdogo kwa sababu ndiyo mafuta ya koroboi na jiko la mwananchi. Dizeli ilikuwa na ushuru mkubwa. Pengo hilo la bei likawavutia wajanja, wakachanganya mafuta ya taa ndani ya dizeli na kuwauzia wenye magari. Injini nyingi zikafa.

Mwaka 2011 serikali ya Tanzania ilipandisha sana ushuru wa mafuta ya taa ili kuziba pengo hilo. Kenya nayo, mwaka 2018, iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa sababu hiyo hiyo ya kuzuia uchakachuaji. Aliyekuwa amebadili mashine yake mwaka mmoja kabla, kwa kutegemea kwamba mafuta ya taa ni rahisi, alipoteza faida yake kwa siku moja.

Kwa hiyo usiende na sifa ya zamani ya mafuta ya taa. Angalia bei elekezi ya mwezi huu, ya petroli na ya mafuta ya taa, ndipo uanze kuzungumza.

Nazi ya Bougainville na mbono kaburi wetu

Utasema, basi tukamue wenyewe, tuachane na bei za watu. Nalo lina historia.

Kisiwa cha Bougainville kiko Bahari ya Pasifiki, sehemu ya Papua New Guinea. Mwishoni mwa miaka ya 1980 vita vilizuka huko kutokana na mgogoro wa mgodi wa shaba wa Panguna, na mwaka 1990 kisiwa kikazingirwa: hakiingii chakula, dawa wala mafuta. Watu walikuwa na minazi. Wakakuna nazi, wakachemsha, wakaengua mafuta na kuyatia kwenye injini za dizeli. Magari yakatembea miaka ile yote ya kuzingirwa.

Soma vizuri hapo: injini za dizeli. Mafuta ya nazi, ya karanga, ya alizeti au ya mawese hayafai kabisa kwenye mashine ya petroli ya kupachika. Hayageuki mvuke, yataziba kabureta na kuua plagi. Hata kwenye dizeli, mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo alfajiri ya baridi utayakuta yamekuwa kama samli ndani ya mpira wa mafuta. Lazima yachujwe sana na yasiwe na maji. Waliofanikiwa visiwani walikuwa wanawasha kwa dizeli, wanapasha mafuta ya nazi joto, au wanayachanganya na mafuta mepesi zaidi.

Na Bougainville walifanya hivyo kwa sababu mbili: dizeli haikuwepo, na nazi haikuwa na pa kuuzwa kwa kuwa njia za bahari zilifungwa. Siku njia zinapofunguliwa, mwenye minazi anaanza kupiga hesabu ya mbata, na injini inarudi kwenye dizeli.

Sisi tulijaribu kukwepa mtego huo kwa kupanda mti usioliwa. Kati ya mwaka 2005 na 2011 hivi, mbono kaburi ulihubiriwa kila mahali kama dhahabu ya kijani. Hauliwi, mbegu zake zina sumu, ng'ombe hawaugusi, na wengi tuliujua kama uzio tu. Wakulima waliambiwa unavumilia ukame na ardhi mbovu. Ni kweli unavumilia, lakini kuvumilia si kuzaa. Kwenye ardhi mbovu ulizaa kidogo, uchumaji ulikula nguvu kazi, na wanunuzi walipoondoka mkulima hakuweza hata kuzila mbegu. Mradi mkubwa wa mbono kaburi wa Kisarawe ulisimama mwaka 2011.

Linganisha hizo mbili. Nazi ilishindwa kukaa kwenye tangi kwa sababu ilikuwa na mnunuzi mwingine. Mbono ulimwangusha mkulima kwa sababu haukuwa na mnunuzi mwingine. Ukipanda zao la mafuta, panda lile ambalo soko la injini likifa bado una pa kulipeleka. Alizeti inakupa mafuta ya kula na mashudu ya kuku. Hilo ndilo zao la mtu asiyetaka kubahatisha.

Fanya hesabu hii kabla ya kumwita fundi

*1. Hesabu kwa safari, usihesabu kwa lita.* Mfano wa kufikirika: safari yako inakula lita 10 za petroli kwa shilingi 3,000, jumla 30,000. Mafuta ya taa ni shilingi 2,800, unaona faida. Lakini nguvu imepungua, unatumia lita 11, jumla 30,800, na bado hujaweka petroli ya kuwashia. Umepata hasara kwa mafuta ya "bei rahisi".

*2. Gawa gharama ya kubadili kwa faida ya safari moja.* Kama kubadili ni shilingi 400,000 na unaokoa 2,000 kwa safari, unahitaji safari 200 ili kurudisha fedha yako. Je, bei itakaa hivyo kwa safari 200? Kumbuka Kerala.

*3. Jua mashine yako.* Kuna mashine zinazotoka kiwandani zikiwa za mafuta ya taa. Kama unanunua mpya na hesabu inakubali, nunua hiyo, usikate ya petroli. Kwa mashine ya kutochanganya oili, mafuta ya taa yasiyoungua hushuka na kuifanya oili ya ndani iwe nyepesi kama maji. Ipime oili mara kwa mara.

*4. Acha njia ya kurudi.* Usikubali mabadiliko ambayo hayawezi kurudishwa kwenye petroli. Hifadhi kifaa chochote cha asili kinachotolewa.

*5. Jaribu karibu na nchi kavu.* Wiki ya kwanza usivuke maji makubwa na usipakie abiria. Beba makasia, maboya ya kujiokolea, na plagi ya akiba. Mashine ikizima katikati ya ziwa upepo ukiwa umebadilika, shilingi elfu mbili uliyookoa haitakusaidia.

*6. Usiruhusu mafuta mawili yakutane nyumbani.* Hili nawaambia hasa wauza mafuta na wenye boti. Mashine ya mafuta ya taa inaishi na madumu mawili. Petroli kidogo tu ikiingia kwenye dumu la mafuta ya taa, na mtoto akajaza koroboi au jiko kutoka humo, nyumba inaweza kuungua. Paka madumu rangi tofauti, yaweke mbali na jiko, na masalio ya tangi usiyarudishe kwenye dumu la nyumbani.

Na betri je?

Upande wa Kenya, maeneo ya Homa Bay, zimeanza kuonekana boti za wavuvi zenye mashine za umeme wa betri zinazokodishwa. Ni jambo la kufuatilia kwa makini. Lakini uliza maswali yale yale: kituo cha kuchaji ni cha nani, bei ya kukodi inapangwa na nani, na kituo kikifungwa utafanyaje?

Kwa sasa, kuna lita unazoweza kuokoa bila kubadili chochote. Pandisha boti ukasugue mwani chini yake. Nyoosha au badilisha propela iliyopinda. Changanya oili kwa kipimo cha kitabu cha mashine, usikadirie kwa macho. Punguza mwendo, kwa sababu kasi ya mwisho ndiyo inayokunywa kuliko zote. Na kama wewe na jirani yako mnapeleka mahindi gulio moja, pelekeni kwa boti moja.

Andika matumizi yako ya mafuta kwa safari kumi kwenye daftari kuanzia kesho. Ukimaliza, uje nayo tukae chini tuisome pamoja kabla fundi hajafungua nati ya kwanza.

Nakutakia kazi njema na maji tulivu.